Gesi ya Mkataba, Gesi ya Siku, na Friji ya Mlali

Puf.

Ni hivyo tu. Kwanza kimya, halafu kiberiti, halafu kaharufu kidogo, halafu puf, kama mtu mnene aliyejibwaga kwenye mkeka baada ya safari. Ndiyo sauti ya moto wa gesi unapokamata chini ya friji. Nimesikia sauti nyingi kazini: honi ya treni, mvua ya mawe juu ya mabati ya stoo, wakubwa wakigombana nyuma ya mlango. Zimepotea zote. Hiyo ya Mlali ninayo mpaka leo. Nikiinjika chai hapa kwangu Area D huisikia upya, nikacheka peke yangu, na jirani akichungulia dirishani namwambia, “Hamna kitu, nimekumbuka kazi.”

Ninaowaandikia ni ninyi vijana mnaosomea ugavi, na aliyenichokoza ni Rehema. Rehema ni mtoto wa kaka yangu, yuko chuo hapahapa Dodoma, na Jumapili huja kula kwangu akisingizia amekuja kunisalimia. Juzi akiwa na paja la kuku mkononi akaniuliza:

“Shangazi, hivi nchi inayojifunga miaka ishirini kununua gesi kwa muuzaji mmoja ina akili kweli? Si bora inunue meli mojamoja ikiona bei imeshuka?”

“Gesi gani hiyo inayopanda meli?”

Akanieleza vizuri, mtoto wa watu. Kumbe zipo nchi zisizo na gesi yao, au zinayo lakini haitoshi. Wenye nayo wanaipoza kwa baridi kali mno mpaka inakuwa maji, na ikishakuwa maji inajikunja, inachukua nafasi ndogo sana. Inapakiwa kwenye meli ambayo tumbo lake ni kama chupa ya chai, ila hii inatunza baridi, si joto. Ikifika bandarini kwa mnunuzi, inapashwa moto, inarudi kuwa gesi, inaingia kwenye mabomba kwenda viwandani na kwenye mitambo ya umeme. Nyingine inanunuliwa kwa mkataba wa miaka mingi, nyingine kwa bei ya siku, meli moja, tukutane tusikutane tena.

Nikaanza kucheka. “Yaani nchi nzima inafanya kazi niliyokuwa nafanya mimi stoo!”

“Shangazi, hizo ni meli. Wewe ulikuwa na mitungi.”

“Maliza kuku wako, nikuhadithie.”

Nilianza kazi katika stoo ya chanjo nikiwa na cheti cha darasa la saba na ndoto nyingi kuliko nguo. Nilitoka Kondoa nikitaka kuwa nesi. Unesi ulinikataa kwa sababu ya hesabu, lakini nilipata kazi ya kupokea na kutoa vitu kwa manesi, nikajiambia basi, nimekaa jirani na ndoto yangu. Nilikuwa nikifunga maboksi ya chanjo huku nawaza mtoto atakayechomwa: ataitwa nani, atalia kiasi gani, mama yake atamtuliza kwa wimbo gani. Bosi wangu, Mzee Chiwanga, alikuwa akinikuta nimesimama na gundi mkononi.

“Mwanaidi! Umesafiri tena?”

“Nimerudi, Mzee.”

“Basi tuletee habari za huko, na funga boksi.”

Zahanati nyingi za vijijini hazikuwa na umeme, kwa hiyo friji zao za chanjo zilitumia gesi. Najua mnashangaa. Hata mama yangu alikataa. Nilipomwambia kwamba kuna friji inawashwa moto chini ili igandishe juu, aliweka mwiko pembeni akaniangalia kwa huruma. “Mwanangu, mjini wamekufundisha uongo.” Lakini ndivyo ilivyo. Kuna maji ya dawa ndani ya mabomba yake, moto unayachemsha, yanazunguka, na kwa kuzunguka huko yanabeba joto la ndani kulipeleka nje. Mgongo wa friji unaunguza mkono, tumbo lake ni baridi.

Mzee Chiwanga alikuwa Mgogo wa maneno machache na mikono inayojua. Alinifundisha mambo ambayo sikuyaona yameandikwa popote. Friji ya gesi isimame sawasawa, ikiinama haigandishi. Weka kikombe cha maji juu yake uone maji yanaelekea wapi. Mtungi uugonge: mtupu hulia kama kengele, uliojaa hunung’unika. Ukitaka kujua gesi imefika wapi, mwagia maji ya moto ubavuni kisha pitisha kiganja. Pale joto linapogeuka baridi ndipo gesi ilipo. Kuvuja kutafute kwa povu la sabuni, wala usithubutu na kiberiti. Na chini ya friji pana kioo kidogo, kama cha kujipodoa, cha kuonea moto bila kulala kifudifudi. Moto wa bluu ni mzima. Wa njano unatoa masizi, na masizi ni mwanzo wa msiba.

Sasa mkataba. Siku hizo muuzaji wa gesi alikuwa mmoja, kampuni kubwa iliyoileta kutoka Dar es Salaam kwa treni. Mkataba wetu nao ulikuwa wa miaka, na Mzee Chiwanga alinifafanulia kwa habari ya mama mmoja Mgogo aliyekuwa akipita na maziwa kila asubuhi.

“Yule mama ukimwambia ‘niletee lita mbili kila siku’, anafanya nini?”

“Analeta lita mbili.”

“Kabla ya hapo. Anaongeza ng’ombe. Anajenga zizi. Analiweka neno lako kwenye zizi lake. Sasa wewe ukisafiri kwenda Kondoa bila kumwambia, asubuhi amekuja na maziwa, mlango umefungwa. Nani alipe?”

“Mimi.”

“Hata kama hukuyanywa?”

“Hata kama sikuyanywa.”

“Haya. Umeshajua nusu ya mkataba.”

Nusu nyingine ilikuwa hivi. Bei haikupangwa kila kukicha. Ilifungwa kwa kanuni, ikifuata bei ya mafuta kwa mbali, ikipanda na kushuka kwa adabu. Gesi waliifikisha mlangoni kwetu, kwa hiyo ikichelewa njiani kichwa kiliwauma wao. Mitungi ilikuwa mali yao, na tulikatazwa kumgawia mtu mwingine yeyote. Na kulikuwa na maneno ya mwisho, kwamba kukitokea jambo lililo nje ya uwezo wao, mafuriko, vita, Mungu mwenyewe, basi wasilaumiwe.

Lile la kulipia usichokunywa lilitupata mwaka ambao zahanati kadhaa zililetewa friji za mafuta ya taa. Mitungi ikawa inakuja kama ilivyoandikwa, watumiaji hawapo. Tulipanga mitungi mpaka kwenye korido. Tulikalia mitungi wakati wa chai. Mhasibu alikuwa akipita kiubavuubavu kama kaa, akisema, “Chiwanga, umeoa kampuni hii?” Na Mzee anajibu, “Nimeoa, na mahari ndiyo hiyo unayoikanyaga.”

Halafu ikaja miaka ya ruksa. Ninyi hamwezi kuijua ile furaha. Tuliotoka kupanga foleni ya sabuni tukaona maduka yamejaa sabuni za rangi tatu. Kila mtu akawa mfanyabiashara. Na gesi nayo ikapata ruksa. Karibu na soko la Majengo akafungua duka Bwana Salumu, kijana mchangamfu mwenye mdomo wa asali, akapanga mitungi mipya iliyopakwa rangi ya machungwa, inang’aa kama ya harusi. Na bei yake ilikuwa chini kuliko ya mkataba wetu.

Ofisini kelele zikaanza. Wengi walitaka tuvunje mkataba kesho asubuhi. Mzee Chiwanga alisikiliza mpaka wakachoka, kisha akasema, “Vikao vikubwa vikija mjini, nendeni mkaulize tena bei ya Salumu.”

Vikaja. Mnajua Dodoma inavyokuwa wageni wa serikali wakiingia: kila nyumba ya wageni inapika, kila mgahawa unakaanga. Mitungi ya Salumu ikawa inagombaniwa, na bei ikapaa ikaipita ya mkataba huko juu. Wageni wakiondoka, inashuka tena. Hiyo ndiyo gesi ya siku. Haina kinyongo na haina huruma. Haikumbuki ulinunua jana.

Tukakubaliana kufanya yote mawili. Chakula cha kila siku kwa mkataba, na kiporo cha dharura kwa Salumu. Rehema aliposikia hapo akaacha kutafuna. “Shangazi, hivyohivyo ndivyo nchi nyingi zinavyofanya! Sehemu kubwa mkataba, sehemu ndogo sokoni.” Nikamwambia ningejua, ningeomba mshahara wa nchi.

Lakini kuna kitu hatukukijua, si mimi, si Mzee, si mhasibu, na tulikuja kukijua tukiwa Mlali.

Mwaka huo mvua zilikuja kwa hasira. Reli ikakatika. Treni ya gesi haikufika, na kampuni ikasema lile neno lake la mwisho: jambo lililo nje ya uwezo wetu. Kwa haki, halikuwa ndani ya uwezo wao. Tukawa tunagawa akiba yetu mtungi kwa mtungi, mpaka stoo ikabaki na mwangwi. Asubuhi moja simu ya upepo, ile ya redio, ikakoroma. Alikuwa Sista Yudita, nesi wa zahanati yetu moja huko Mlali, mbele ya Kongwa, mama wa makamo mwenye sauti ya kwaya. Alikuwa amezoea ile simu kiasi kwamba hata mkikutana sokoni alimalizia maneno yake kwa “ova”.

“Mtungi wangu ni wa mwisho na unalia kama kengele. Friji imejaa chanjo ya surua. Keshokutwa kinamama wanakuja kutoka vitongoji vyote, nimeshawatangazia mpaka kanisani na msikitini. Nisaidieni. Ova.”

Nataka mwelewe uzito wake. Maziwa yakiharibika yanachacha, nyama inanuka. Chanjo iliyopata joto haisemi. Inabaki safi vilevile kwenye kichupa. Unamchoma mtoto, mama anakushukuru, anarudi kilomita nyingi kwa miguu akiwa ametulia moyo, kumbe mtoto hana kinga yoyote. Na surua mwaka uliotangulia ilikuwa imepita vitongoji vile. Sista alikuwa amewashika baadhi ya wale watoto kwa mikono yake. Wengine hawakupona. Kwa hiyo aliposema “nisaidieni”, nilijua anaowaona mbele ya macho yake. Na makasha yetu makubwa ya barafu, ambayo tungeweza kuzihamishia chanjo, yote yalikuwa yamekwenda Mpwapwa na Kondoa.

Tulikwenda kwa Salumu mbio, mara yetu ya kwanza kununua kwake. Na si unajua bahati, wageni wa vikao walikuwa wanaingia wiki hiyohiyo.

“Mzee wangu, shikamoo!” akasema Salumu.

“Marahaba. Mitungi miwili.”

“Ipo miwili tu, na mwenye hoteli amesema anarudi.”

“Amelipa?”

“Amesema anarudi.”

“Mimi sirudi, mimi nimeshafika. Bei?”

Salumu akaitaja. Mzee akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, kama vile bei ingeonekana ndogo zaidi.

“Salumu mwanangu, hii ni gesi au unauza duka?”

“Soko, Mzee. Mimi nafuata soko.”

“Ni ya chanjo za watoto,” nikaropoka.

Salumu akanitazama, akajikuna kidevu, akapunguza. Si sana, lakini alipunguza, na alitubebea mwenyewe mpaka garini. Mzee akafanya ukaguzi wake wote palepale barabarani: akapima uzito, akagonga, mitungi ikanung’unika vizuri, akapaka povu la sabuni, hakuna kuvuja. Akasema, “Hii ni mizima.” Na kweli ilikuwa mizima.

Tukapanda Landrova, Mzee, mimi na dereva wetu Mgaya, ambaye angeweza kumtania hata hakimu. Barabara ilikuwa tope mpaka Kongwa. Hapo tukasimama kwenye nyumba ya wageni moja tupate chai. Tukasubiri. Tukasubiri tena. Mgaya akapaza sauti kuelekea jikoni.

“Wewe Kefa! Hiyo chai inachemshwa na jua?”

Mpishi akatoka amepaka masizi puani. “Usinichokoze, Mgaya. Bosi kaniletea jiko jipya la maringo. Mtungi ule pale umejaa tele, jiko limeukataa. Napuliza mkaa kama bibi yangu.”

Mzee Chiwanga, kwa furaha ya mtu mwenye mitungi miwili, akacheka. “Mtungi haukataliwi, mpishi. Ni mpishi tu hajui kuwasha.”

Tukacheka sote isipokuwa Kefa. Tukanywa chai yenye harufu ya moshi, tukaondoka.

Mlali tulimkuta Sista Yudita mlangoni. “Mbukwenyi,” Mzee akamsalimia Kigogo. Sista akajibu huku anatuvuta ndani. Moto chini ya friji ulikuwa umeshazimika asubuhi. Alikuwa ameifunika friji kwa blanketi, ameandika kwa chaki ukutani USIFUNGUE, na hakuifungua hata yeye.

Sasa nisikilizeni. Juu ya mtungi hupachikwa kichwa cha chuma kinachopeleka gesi kwenye mpira. Sisi tulikiita kofia. Kofia ya friji ya Mlali, kama za friji zetu zote, ilikuwa ya kuzungusha, inafungwa kwa nyuzi kama kifuniko cha chupa. Mzee akaichukua, akaiweka juu ya mtungi wa machungwa, akazungusha. Ikateleza. Akazungusha tena. Ikacheza kama kofia ya baba kwenye kichwa cha mtoto.

“Mwanaidi, shika hapa.”

Nikashika. Akajaribu mtungi wa pili. Vilevile. Akainama akatazama, na kwa mara ya kwanza nikauona uso wa Mzee Chiwanga haujui. Mitungi ya Salumu haikuwa na nyuzi kabisa. Ilikuwa ya kubonyeza.

“Nimepima uzito,” akasema polepole. “Nimegonga. Nimepaka sabuni.”

“Umefanya yote, Mzee,” nikamwambia.

“Kichwa sikukiangalia.”

Na kwa nini angekiangalia? Maisha yake yote ya kazi gesi ilikuwa ya kampuni moja, yenye kichwa kimoja. Ilikuwa kama kuangalia kama maji yanalowesha. Nani angetuambia kwamba ruksa ingeleta na vichwa? Tulikuwa na gesi ya kutosha miezi, safi, tumeilipia kwa jasho, na haikuwa na mlango wa kuingilia.

Mzee akakaa juu ya ule mtungi. Sista Yudita hakulia, lakini alianza kukunja na kukunjua kitambaa chake. “Barafu ya ndani itashika mpaka jioni,” akasema. “Labda asubuhi. Halafu nitawaambia nini? Wapo wanaoanza kutembea leo hii.” Hakusema ova.

Mimi nilikuwa nimesimama tu nawaza. Namwona mama mmoja anafunga mtoto mgongoni kwa khanga mahali fulani nyuma ya vilima. Mgaya, ambaye hakuna aliyetarajia kitu kutoka kwake, alikuwa kwenye mlango anachokonoa meno. Ghafla akajipiga paja.

“Mtungi haukataliwi, mpishi!” akaiga sauti ya Mzee.

“Mgaya, si wakati wa utani,” Sista akamkaripia.

“Sitanii, Sista! Kefa! Jiko jipya limeukataa mtungi wa zamani. Sisi friji ya zamani imeukataa mtungi mpya!”

Halafu Mzee Chiwanga akanyanyuka kutoka juu ya mtungi kama kijana.

Njiani kurudi Kongwa ndipo nilipopata akili ambayo nimekaa nayo mpaka kustaafu. Mkataba haukuwa unatuletea gesi tu. Ulikuwa unatuletea kofia, mpira, fundi na mtu wa kumlilia. Bei yake tuliyoiona kubwa ilikuwa na hayo yote ndani. Gesi ya siku ni gesi tupu. Kila kilichobaki ni juu yako. Rehema anasema hata kwa meli ni vivyo hivyo: unaweza kupata meli ya bei nzuri baharini, lakini kama bandari yako haina mtambo wa kuipokea na kuipasha moto, itakupita ikienda kwa mwingine huku unaitazama. Kwa hiyo msiniulize ipi bora. Niulizeni kwanza mlango wenu ukoje.

Kefa alitusikiliza mikono kiunoni. Akaangalia mtungi wa machungwa, akaniangalia mimi, akamwangalia Mzee.

“Sema kwanza nani hajui kuwasha.”

“Mimi, mpishi,” akasema Mzee Chiwanga. “Ni mimi nisiyejua kuwasha.”

“Rudia, wa jikoni wasikie.”

“Mimi!” akapaza sauti, na wasichana wa jikoni wakaangua kicheko.

Mzee hakutaka kudhani tena. Tuliujaribu mtungi wa Salumu kwenye jiko la maringo. Kofia yake ikabonyea, tak, moto ukatoka duara zima. Kefa akalipiga busu sufuria. Lakini Mzee alipoushika ule mtungi wa zamani akasita. Ulikuwa wa kampuni ileile, umeandikwa kwa jina la nyumba ile, na kuhamisha ilikuwa marufuku.

“Kwa hiyo ukae hapa tuutazame?” Kefa akauliza.

Mzee akafikiri muda wa kumeza mate. “Pakia, Mgaya. Nitakwenda kuwaambia kwa mdomo wangu.”

Na alikwenda, reli ilipofunguliwa. Wakamnunia, wakamsikiliza, na mkataba uliofuata ukawa na mstari mpya unaoruhusu wateja kubadilishana mitungi wakati wa shida ilimradi kampuni ijulishwe. Rehema ananiambia kwenye mikataba ya meli watu wamegombania jambo hilohilo: kama mnunuzi anaruhusiwa kuipeleka shehena kwa mwingine. Sisi tuliligombania kwa mtungi wa mpishi. Na tangu hapo kila gari letu lilikwenda safari na kofia za aina zote zimening’inia nyuma ya kiti, zinagongana barabara nzima, Mgaya anasema anaendesha ng’ombe wenye kengele.

Tulirudi Mlali jua bado lipo. Mzee akapachika, akazungusha, ikakaza. Akapaka povu, tukatazama, hakuna hata kiputo kilichovimba. Akaweka kikombe cha maji juu ya friji, maji yakatulia. Akanipa kiberiti.

“Washa wewe, Mwanaidi. Mimi leo nimesema mbele ya watu kwamba sijui.”

Nikapiga magoti. Njiti ya kwanza ikavunjika. Ya pili ikawaka.

Puf.

Sista Yudita akafungua mlango wa friji kadiri ya kuingiza mkono, akatoa kipimajoto, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Inatakiwa isizidi digrii nane. Tulimzunguka sote, hata Mgaya.

“Saba,” akasema. Halafu akakaa chini sakafuni na gauni lake jeupe, akacheka mpaka machozi yakamtoka, akasema, “Saba, jamani. Chanjo zangu nzima. Ova. Ova!”

Tulilala huko Mlali. Asubuhi kabla hatujaondoka Mzee alikuwa nje anakunywa uji na Mgaya, wanataniana, na kinamama wa mbali walikuwa wameshaanza kufika siku moja kabla, wamekaa kivulini wamenyoosha miguu yenye tope, watoto wanalia kila mmoja kwa sauti yake. Nilipita katikati yao nikisalimia, nikaingia ndani kwenye chumba cha friji, nikarudishia mlango. Nikaweka kiganja mgongoni mwa friji: moto. Nikapiga magoti, nikavuta kile kioo kidogo. Kilikuwa na vumbi la siku mbili. Nikakipulizia pumzi, nikakifuta kwa pindo la khanga yangu, nikakirudisha mahali pake, nikainamisha kichwa nikatazama.

Bluu.